Tufungue Milango ya Nyumba za Kale kwa Kiingilio? Mjadala wa Moshi na Arusha

Mkazi wa Soweto, Moshi
Juzi nilipita katikati ya mji nikakuta jengo jingine la zamani, miongoni mwa yale yenye baraza mbele na mwaka wa ujenzi ulioandikwa juu ya mlango, limezungushiwa mabati. Sote tunajua maana ya mabati. Baada ya miezi michache patasimama ghorofa la vioo vya buluu, na watoto wetu watadhani mji huu ulianza mwaka waliozaliwa wao.

Hoja yangu ni hii. Katika jimbo la Virginia, Marekani, tangu mwaka 1929 wenye nyumba na bustani za kale hufungua milango kwa wiki moja kila majira ya kuchipua, wageni hulipa kiingilio, na mapato hutumika kufufua bustani za kihistoria. Chimbuko lake ni maonyesho ya maua ya mwaka 1927 yaliyofanywa ili kuokoa miti ya Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson. Kwa nini sisi tusitenge siku mbili kila mwaka, tuseme mwezi Julai wakati masika yamekwisha na njia zimekauka, wenye nyumba wanaoridhia wakafungua milango, Moshi Jumamosi na Arusha Jumapili, na fedha zikaingia katika mfuko mmoja wa ukarabati? Bila shaka tutaanza na nyumba zenye usanifu, yaani za mawe na za matofali. Vibanda vya nyasi vya kule juu mlimani tuviache, kwa kuwa hakuna cha kuhifadhi katika kitu kinachojengwa upya kila kinapooza.

Binti wa Machame
Nilikuwa nikisoma kwa kukubaliana nawe mpaka nilipofika kwenye sentensi ya mwisho, na sasa sikumbuki tena sentensi za mwanzo zilisema nini. Kibanda ni cha kuku, kaka yangu. Nyumba aliyozaliwa baba yangu ilikuwa msonge: paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja tangu kileleni hadi ardhini, ng'ombe walilala upande mmoja na watu upande wa pili, moto ulikuwa katikati, na moshi wake ulipanda ukikausha nyasi na kufukuza wadudu kabla haujatoka nje. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Mvua za mlimani, ambazo ninyi wa Soweto mnazisikia katika taarifa ya hali ya hewa tu, hazikupenya. Kama huo si usanifu, basi naomba unieleze wewe unaishi ndani ya kitu gani.

Fundi wa Chokaa, Arusha
Naomba niurudishe mjadala ukutani, maana ndiko ninakopata riziki. Kuta nyingi za kale za mawe zilijengwa kwa chokaa au udongo. Mwenye nyumba akishika fedha kidogo, jambo la kwanza analofanya ni kumwita fundi apige plasta ya saruji, kwa sababu saruji ndiyo kila mtu anayoijua na ndiyo inayouzwa kila kona. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukalowa masika na kukauka kiangazi bila madhara. Saruji huufungia unyevu ndani, jiwe linaanza kumung'unyika nyuma ya plasta, na baada ya masika mawili au matatu plasta yenyewe inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Hapo mwenye nyumba husema jengo limezeeka, kumbe limesongwa. Kwa hiyo kabla ya kuulizana fedha zitatoka wapi, tuulizane zitaishia mikononi mwa fundi gani. Tuliona Jumba la Maajabu kule Unguja lilivyoanguka lote mwaka 2019 huku mafundi wakiwa kazini.

Kuhusu msonge nakubaliana na dada, ila nina swali lisilo na ubaya: yuko nani leo anayeweza kuujenga?

Mwalimu Mstaafu, Kiborloni
Halikuanguka lote, na haukuwa mwaka 2019. Ilianguka sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walifariki. Jumba lililojengwa mwaka 1883 lina haki ya kuandikiwa tarehe zake sawasawa, hasa na mtu anayejiita fundi.

Fundi wa Chokaa, Arusha
Shikamoo Mwalimu. Nimesahihishika. Hoja ya saruji hata hivyo inabaki palepale, na ningefurahi kama kuna atakayeijibu.

Mjukuu wa Dukani
Sitaijibu hoja ya saruji, fundi, unisamehe, kwa kuwa mimi nimekwama kwenye maneno "wenye nyumba wanaoridhia". Mwenye nyumba ni nani? Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Babu yangu alijenga duka chini na makazi juu, na kwa kuwa vyumba vya chini alikuwa amevipangisha, jengo lilikwenda. Aliishi miaka iliyobaki akiwa mpangaji katika chumba ambacho ramani yake aliichora mwenyewe kwa penseli. Mpangaji hana mamlaka ya kufungua mlango kwa wageni wenye tiketi, wala hana sababu ya kubadilisha mabati ya paa ambalo kesho anaweza kuambiwa alihame. Mnaposhangaa kwa nini majengo hayo yamechakaa, anzieni hapo. Mbao za ngazi zile ni za mvule na hadi leo hazina doa la mchwa. Kilichooza ni uhusiano wa mtu na paa lake.

Kaka wa Poli, Meru
Pole kwa babu yako, nasema hivyo bila kejeli. Lakini kama tumeanza kuhesabu nyumba zilizopotea, naomba na sisi tuhesabiwe. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa. Babu yako alibaki mpangaji. Wa kwetu walibaki na majivu. Sasa niambieni, katika hiyo Jumapili ya Arusha, wageni nitawatembeza katika nyumba ipi? Au mtawapeleka kwenye Boma, ile ngome ya Wajerumani iliyokamilika mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru, mkawaonyesha jinsi kuta zake zilivyo nene? Kuta ni nene kwa sababu waliotujengesha walikuwa wakituogopa sisi. Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hukohuko pamoja na viongozi wengine wa Uchagga, Meru na Arusha. Leo neno "Mangi" limekuwa la kumwitia muuza duka anayekukopesha sukari, nanyi mnataka tuchange fedha za kupaka rangi nyumba ya aliyemnyonga.

Mjukuu wa Dukani
Sikushindanisha misiba. Nilieleza kwa nini paa linavuja.

Mkazi wa Soweto, Moshi
Naona nimesulubiwa kwa neno moja. Sikusema "kibanda" kwa dharau. Nilimaanisha jengo dogo la muda. Tena hata kule Virginia haikuanza kwa majumba makubwa. Ilianza kwa bahati tu, baridi iliua maua yote kabla ya wageni wa bustani kufika, ndipo kina mama wakaamua kuwafungulia nyumba badala yake. Nasi tungeanza kidogo kidogo namna hiyo. Na Boma la Arusha kwa sasa ni makumbusho ya viumbe na historia ya asili, si gereza la mtu.

Mwalimu Mstaafu, Kiborloni
Umechanganya majimbo mawili. Habari ya baridi kuua maua ni ya Natchez, Mississippi, mwaka 1931, na ziara rasmi zikaanza mwaka 1932. Tena kina mama hao hawakufungua nyumba ndogo, walifungua majumba yenye nguzo kubwa mbele, yaliyojengwa kwa utajiri wa pamba uliotokana na watumwa, na kwa miongo mingi wageni walielezwa habari za samani na vitambaa vya madirisha bila kuelezwa nani alifyatua matofali. Monticello nako ni vivyo hivyo: Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, na ilichukua muda mrefu kabla ya wageni kuonyeshwa mahali walipoishi na kufanya kazi. Kwa hiyo Kaka wa Poli hajatoka nje ya mada kama unavyodhani. Ziara ya nyumba ya kale inategemea kabisa maneno ya anayekutembeza. Ukuta wa Boma ni uleule, lakini mtu wa Poli na mtu wa ofisi ya utalii hawatausimulia sawa, na mimi ningelipa kumsikia yule wa kwanza.

Kaka wa Poli, Meru
Mwalimu, kwa bei hiyo hata mimi ningefikiria.

Mwanasheria wa Njiro
Niingize jambo ambalo limepitwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilirekebishwa baadaye, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Piga hesabu. Boma la Arusha ni la mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa sasa ukakua kuizunguka. Chama cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Maana yake ni kwamba karibu kila jengo mnalolililia hapa halimo katika ulinzi huo mpaka Waziri atangaze kulilinda. Mtoto wa sheria hiyo ni msonge wa zamani uliooza na magofu ya pwani. Ghorofa la baraza la Moshi ni mtoto wa kambo. Mfuko wa kiingilio ni wazo zuri, lakini mfuko hauzuii mabati.

Binti wa Machame
Mwanasheria, nimekuona ulivyopitisha "msonge uliooza" kwa utani. Hauozi usipohamwa. Unaoza moto ukizimwa, na moto ulizimwa tulipojenga nyumba za matofali kando yake na kuhamia humo, baadhi yetu kwa sababu tuliambiwa kulala na ng'ombe ni ushamba.

Mwongoza Watalii, Marangu
Mimi ndiye ninayefanya kazi mnayoijadili kwa nadharia. Huku Marangu wageni hulipa kuona msonge uliojengwa kwa ajili ya maonyesho, na hulipa kuingia katika mapango ambayo wazee walichimba kujificha wao na mifugo wakati wa mashambulizi. Nawaambia kwa uzoefu kwamba mgeni hukaa ndani ya msonge dakika kumi, anapiga picha, anakohoa, anatoka. Mahali anapokaa saa nzima ni kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Anasimama chini ya mgomba, juu ya mgomba kuna mti wa mruka, chini ya mgomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi, mfongo, yaani mfereji wetu, unapita pembeni ukileta maji kutoka juu mlimani, na hapo ndipo anaponiuliza nani alipanga haya yote. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, upande wa Uru, mwaka 2011 kwa sababu ya kihamba, haikuwa kwa sababu ya nyumba ya mtu. Mwanzilishi wa hoja ametaja bustani za Virginia mistari mitatu, halafu akaipita ya kwao bila kuisalimia.

Mkazi wa Soweto, Moshi
Hilo nalikubali, na linaniuma kidogo kwa kuwa kihamba cha mama yangu kipo Kibosho. Basi tuongeze vihamba katika ratiba. Kila ukoo ufungue kihamba kimoja, kiingilio kiwe kilekile.

Binti wa Machame
Hapana. Na sasa sitanii. Kihambani kwetu, nyuma ya nyumba, amelala babu, pembeni yake bibi, na masale yaliyopandwa hapo si mapambo. Mtu akiwa na ugomvi na nduguye humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na anayeletewa hapaswi kukataa. Kwa mpango wako, kijana mwenye kamera atasimama juu ya kaburi la babu yangu akiuliza kama mmea huu unauzwa. Jengo la mjini ni jengo, hata likiwa zuri. Kihamba kina watu ndani yake, wengine wakiwa wamelala.

Mwongoza Watalii, Marangu
Dada, sisi tuna njia tunazopita na njia tusizopita, na wageni huambiwa. Usituchukulie sote kama watu wa kamera.

Binti wa Machame
Nani huwaambia? Mwenye kihamba, au anayelipwa?

Mwongoza Watalii, Marangu
Swali hilo ni la haki. Kwa sasa huwaambia anayelipwa.

Mwalimu Mstaafu, Kiborloni
Makaburi ya wakimbizi wa Kipoland pale Tengeru, waliofika mwaka 1942 na kuishi kwa maelfu, yana uzio, yana mtunzaji, na nchi yao huchangia matunzo. Wageni huingia na hakuna anayesimama juu ya jiwe. Inawezekana, ila lazima wenye wafu ndio waweke masharti.

Fundi wa Chokaa, Arusha
Nimesubiri kwa heshima. Swali langu la mwanzo halijajibiwa: yuko nani anayeweza kujenga msonge, si wa maonyesho, wa kulala mtu?

Binti wa Machame
Baba yangu mdogo, ana miaka themanini na kitu. Alijenga wa mwisho akiwa kijana na anakumbuka kila fito. Magoti hayamruhusu kupanda, lakini sauti bado anayo, na wakiwepo vijana wa kupanda atakaa chini ya mparachichi akiwafokea mpaka waupatie.

Fundi wa Chokaa, Arusha
Nina wanafunzi wawili wanaopanda vizuri na wanaozoea kufokewa. Tunaweza kufika Jumamosi ya wiki ijayo. Tulete nini?

Binti wa Machame
Mleteeni kilo mbili za sukari na muache kamera nyumbani. Nyasi tutakata huku.

Mkazi wa Soweto, Moshi
Na suala la kiingilio?

Kaka wa Poli, Meru
Fundi, gari lako lina nafasi ya mtu wa nne?