Mafundi umeme wa magari, nani aliwaambia kutengeneza ni KUTOA?? Coaster imenilaza Natron na watoto

Wakuu habari za humu. Nina hasira, nimekaa nazo siku nne nikasema nitulie kwanza ndo niandike lakini kila nikitoka nje nikiiona gari zinanirudia upya, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu na asije mtu hapa kuniambia nifupishe.

Mimi nina Coaster, ile ya zamani ya injini ya 1HZ. Ilikuwa inabeba abiria, sasa ni nyumba. Viti tulitoa vyote, ndani kuna vitanda, jiko, sinki, friji ya kompresa ya 12V, pampu ya maji, taa, na juu ya bodi kuna sola ya wati 200. Wengine mnaita kampa, shemeji yangu anaita daladala la kulala, sawa tu. Likizo tunatembea nayo na mara mojamoja nawakodishia wageni, kwa hiyo msidhani ni mbwembwe, ile ni ofisi.

Sasa kabla sijafika kwa fundi kuna kitu lazima mkielewe maana ndo kesi yenyewe. Coaster yangu hii ya dizeli ni 24V, yaani betri mbili za 12 zimeungwa chanya kwa hasi. Vitu vyangu vya ndani vyote ni 12V na vina betri yao peke yao. Kati ya huku na huku kuna konveta, inachukua 24 ya gari inaishusha kuchaji betri ya ndani wakati gari inatembea. Ukizima injini na yenyewe inakata, friji usiku inakula betri ya ndani, betri za kuwashia hazigusi. Asubuhi gari inawaka. Kazi ya kile kidude ni hiyo na aliyekibuni hakuwa mjinga.

Kabla ya safari nikaona betri ya ndani haichajiwi gari ikitembea, sola tu ndo inasukuma. Nikaipeleka gereji moja hapa Arusha, siitaji. Fundi kaja, kijana anajiamini balaa, hana mita ya kupimia umeme. Narudia, fundi UMEME hana mita. Anagusisha waya kwenye bodi anaangalia cheche. Cheche! Pembeni ya betri inayotoa gesi wakati inachajiwa, gesi ambayo cheche moja tu inatosha kukupasulia betri usoni. Kagusa mara mbili tatu, kaangalia konveta, kasema "bosi hii imekufa, hizi za Kichina hazidumu, tuachane nayo, nakuungia direct." Nikamuuliza direct wapi? "Wewe niachie mimi." Nikamuachia. Hilo kosa langu nimelikubali, msije kunipiga nalo kwenye komenti.

Laki na themanini. Nikampa laki na arobaini, nikamwambia iliyobaki nikirudi.

Tukaondoka alfajiri, Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, tukaingia ile barabara ya Engaruka kwenda Ziwa Natron. Wanaoijua wanaijua, rasta (vile vituta vidogo vidogo vya barabara ya vumbi) mwanzo mwisho, vyombo vyote kabatini vinaimba. Jioni tumefika, mlima Lengai ule pale, watoto wamefurahi, nyama iko kwenye friji, taa zinawaka, nikajisifu kwa mama watoto kwamba fundi yule yuko vizuri. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Natron ni joto hata usiku, friji haikupumzika. Asubuhi nazungusha ufunguo, tak tak tak tak tak. Basi. Hata dashibodi inafifia. Mama watoto ananiangalia tu, hasemi, na mnajua kile kimya kina maneno mangapi. Mtandao wa simu ni wa kutembea kuutafuta, wachungaji wamekuja wamesimama na fimbo zao wanaangalia sinema ya bure.

Akaja kutuokoa dereva mmoja wa watalii, Mungu ambariki. Yule bwana kwenye Land Cruiser yake ana mita, ile ya njano ya elfu ishirini. Kafungua boksi la betri kapima moja moja. Ya kwanza 12.9. Ya pili 9.6. Kaniangalia kama vile mimi ndo nimefanya, akasema "kaka, nani kakuchukulia umeme kwenye betri moja?"

Hapo ndo nikafundishwa, na mimi nawafundisha nyie bure. Fundi wangu alivyosema direct alimaanisha kavuta waya kutoka kwenye ile betri ya chini, ile ambayo hasi yake inaenda kwenye bodi, kaupeleka kwenye betri yangu ya ndani. Pale unapata 12 yako, kweli, taa zinawaka, mteja anafurahi, analipa. Ila altaneta (ile jenereta ya injini inayochaji betri) ya 24 haijui habari za katikati. Yenyewe inasukuma kama 28 kwenye betri mbili kwa pamoja. Sasa moja ikiwa imenyonywa na friji na nyingine imeshiba, mgawanyo hauwi sawa. Tulivyokuja kuwasha tukapima injini ikiwa inanguruma: ile ya juu inapata 15.3, ya chini 12.7. Jumla 28, kwa hiyo ukipima ncha kwa ncha unaona kila kitu kiko poa! Moja inachemshwa hadi maji yanaisha, mwenzake anakufa njaa, na zote zimo kwenye boksi moja. Na usiku ndo mbaya zaidi maana hakuna kinachokata, friji inamaliza betri ya ndani na ya kuwashia kwa pamoja.

Kwa wale wa 24V wanaoweza kukwama porini, namna tulivyowasha ni hii. Land Cruiser yake ni 12V, hawezi kunijampia kwenye 24 nzima. Kaweka klipu zake kwenye ile betri mgonjwa PEKE YAKE, chanya kwa chanya ya hiyo betri, hasi kwa hasi, akaacha injini yake inanguruma kama dakika arobaini huku tunakunywa chai. Baadaye katoa klipu zake zote kwanza, nikapiga stata, ikawaka kwa kujivuta. Kisha akachukua spana akaufungua ule waya wa katikati akanipa mkononi kama daktari wa meno anavyokuonyesha jino lako. Hela alikataa, akachukua ndizi tu.

Nilivyorudi nyumbani nikasema leo nafungua kila kitu mwenyewe. Aisee.

Betri ya juu maji hakuna, plati zimebaki nje zimepauka. Ya chini imelala flati usiku kucha baada ya njaa ya siku nzima, hata ukiichaji haishiki tena. Zote mbili nimebadilisha, laki sita na ishirini, na usiniambie ningebadilisha moja, kwenye 24V ukiunga mpya na iliyochoka unaanza ule ule mchezo wa mmoja kushiba mwingine kulala njaa.

Halafu konveta. Ile "iliyokufa". Nilikuwa nayo kwenye boksi, fundi alinirudishia kama kumbukumbu. Nimeipa 24 mezani, inatoa 13.8 safi kabisa, nimeiwekea balbu mbili za taa kubwa imezibeba. MZIMA. Nikaanza kufuata waya wake wa kuingizia kutoka kwenye betri, hatua kwa hatua. Sentimita kama ishirini tu kutoka boksi la betri kuna kishikio cha fyuzi. Nafungua, fyuzi imeungua. Naendelea chini ya gari, nakuta sehemu waya unapita kwenye kona ya chesesi bila mpira, rasta za barabarani zimeusugua hadi shaba inaonekana. Ukigusa bodi, fyuzi inakata. Ndo kazi yake, imefanya!

Yaani ugonjwa wote ulikuwa fyuzi ya buku moja, pamoja na kipande cha waya cha nusu mita. Kile kishikio hakijafunguliwa kabisa, vumbi lake lilikuwa lile lile. Mtu kala laki na arobaini kuondoa kitu kizima.

Ila kilichonifanya nikae chini nishike kichwa ni ule waya wake mpya. Kaupitisha chini ya kitanda cha watoto, waya mwembamba wa 2.5 mm², wa kufungia soketi za nyumbani, kama mita sita. Mwembamba hivyo kwa urefu huo ukipitisha ampia 20 karibu volti moja inaishia njiani inageuka joto. Na kishikio cha fyuzi kipo, kakiweka vizuri, nikafungua... ndani hakuna fyuzi. Kuna nyuzi za shaba amezisokota. Maana yake iliungua, akaona inamsumbua, akaiziba na waya. Plastiki ya waya imelainika na kupiga weusi, na juu yake ni godoro, na juu ya godoro ni mwanangu wa miaka sita.

Mafundi mliomo humu naomba mnijibu. Fyuzi hailindi friji, inalinda WAYA usishike moto. Ukiziba fyuzi kwa shaba unamwambia moto karibu ndani. Unajua hilo au hujui? Kama hujui kwa nini umeandika "auto electrician" kwenye bango? Kama unajua basi wewe ni mbaya zaidi.

Na siyo umeme tu, ugonjwa ni huo huo kote. Mwaka jana gari ilikuwa inapandisha joto ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, fundi mwingine, gereji nyingine, kafungua kachomoa themostati (kile kidude kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) kaitupa. "Bosi hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Nikamshukuru! Ikawa Karatu asubuhi injini haipati joto inakunywa dizeli kama imelaaniwa, na mlimani inachemka kuliko zamani. Nimekuja kuelewa juzi juzi. Kwenye hizi injini themostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato iko wazi muda wote, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila hata kupita kwenye rejeta. Umetoa dawa umeacha ugonjwa. Tatizo la mwanzo lilikuwa rejeta imejaa kutu kwa sababu miaka yote ilikuwa inawekwa maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Swichi ya presha ya pampu ya maji nayo kuna mtu aliiruka, nikasahau kuizima pampu siku moja bomba zimefungwa, ikasukuma bila kukata hadi ikaungua, hiyo nisiielezee.

Yaani kila kitu kilichowekwa kwenye gari kuilinda, kwa fundi wetu ndo cha kwanza kutupwa. Fyuzi, swichi ya presha, themostati, konveta. Gari inarudi nyepesi.

EDIT: Mliouliza kwa nini nisinunue Land Cruiser, nitumieni hela nitanunua.

EDIT 2: Mkuu uliyesema fundi alifanya hivyo kwa sababu mteja anataka bei rahisi, konveta mpya sikuikataa, hakunipa bei yake kabisa. Kwenye hoja ya wateja kubana hela nakubali kidogo, sisi nasi tunapenda "fanya tu itembee". Ila fyuzi ni buku moja bana.

EDIT 3: Wanaouliza hali ya gari sasa. Konveta imerudi, waya mpya wa 10, umevishwa bomba la plastiki na mpira kwenye kila kona ya chesesi, fyuzi karibu na betri zote, na mita nimenunua yangu ipo kwenye droo ya vijiko. Betri zote mbili gari ikiwaka zinasoma 14 na 14, nimepima mara tano leo kama kichaa. Bado natafuta themostati orijino ya 1HZ, mwenye duka la uhakika Arusha au Moshi anicheki, za kopi sitaki.

EDIT 4: Fundi kanipigia sasa hivi. Anaulizia elfu arobaini yake.