Mtoto wa kaka yangu ana cheti chenye jina la baba asiye wake

BintiKojani:
Assalaam alaykum. Naandika kutoka Kojani, Pemba. Mwenye kujua anisaidie.

Kaka yangu alikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, Kenya mwaka 1996, musimu wa kaskazi, wakapiga kambi Mayungu karibu na Malindi. Wenzake walirudi, yeye akabaki. Alioa binti wa Kipemba aliyezaliwa kule kule. Wote wawili hawakuwa na kipande, yaani kitambulisho cha Kenya. Polisi wakipita pwani wanaume wanaingia baharini, hata bahari ikiwa chafu.

Binti yao alipofika darasa la nane, skuli ilitaka cheti cha kuzaliwa ndipo aandikishwe mtihani. Jirani yao, Mgiriama mwenye imani, alikubali aandikwe yeye ndiye baba. Mtoto alifanya mtihani akafaulu. Lakini tangu siku hiyo kaka yangu hayumo katika karatasi yoyote ya mwanawe. Na sasa kaka hayupo, Mungu amrehemu.

Mwisho wa Julai 2023 Rais Ruto alipowakabidhi Wapemba karatasi zao za uraia pale Kilifi, wifi yangu alikuwemo. Mtoto sasa ana miaka 19, anaweza kuchukua kipande kwa cheti kile kile, na jirani yuko tayari. Hataki. Ananambia, "Shangazi, nitakibeba mpaka kufa, nibebe jina la baba yangu." Ni mama karanga, ananunua samaki anakaanga, na kwa kukosa kipande pesa zake zote zinapita kwenye simu ya mtu mwengine.

Arekebishiwe kule, au tumlete nyumbani?

NahodhaMstaafu:
Wa alaykum salaam. Mwanangu, mie nimevua Kenya miaka ishirini. Mwambie achukue hicho kipande, maisha yaende. Nimeona vijana wamelala ndani kwa kukosa karatasi na samaki wakawaozea. Mungu anamjua baba yake.

MwanaMayungu:
Pole dada, kwetu watoto wa namna hiyo ni wengi. Baba nakuheshimu, ila siafiki. Uongo ule haumwishii yeye: watoto wake watarithi ukoo usio wao, na siku likizuka la urithi kwa yule jirani, binti ataitwa mwizi.

Asiende peke yake dirishani kwa msajili wa vizazi kusema cheti ni cha uongo, maana kuandikisha uongo ni kosa kisheria na jirani ataingia matatani pamoja naye. Atafute kwanza msaada wa sheria. Haki Centre ya Mombasa wamelifuatilia sana suala la Wapemba. Akusanye kadi ya kliniki, barua ya mzee wa mtaa, na mashahidi waliowajua wazazi wake. Ajue pia kuwa kuzaliwa Kenya peke yake hakumpi mtu uraia, unafuata mzazi. Kwa hiyo karatasi za mama yake ndizo nguzo.

KaraniWete:
Upande wetu: kama kaka yako alizaliwa Kojani na alikuwa Mtanzania, sheria yetu ya uraia ya 1995 inamtambua mtoto wa baba Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi. Mlango uko wazi, ila lazima athibitishe baba ni nani, na hapo cheti kile kitamkwamisha tena. Kumbukeni pia Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu, sie hapana. Kwa hiyo msimfanyie haraka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kabla hajaamua mwenyewe wapi anataka kuishi. Nimewaona watu wakiomba huku na kule, mwisho wakanyimwa kote.

BintiKojani:
Nawashukuru nyote. Nimezungumza naye usiku. Anataka kubaki, mama yake yuko kule, wateja wake wako kule, hata Kipemba chake kimeshachanganyika na Kigiriama. Nilitaka kulia, lakini ni haki yake.

Leo nimefungua kasha la marehemu mama. Cheti cha kuzaliwa cha kaka kimo. Mchwa wamekula pembe moja, jina lake na la baba yetu yanasomeka. MwanaMayungu, kuna nahodha anaondoka wiki ijayo, lakini naogopa kumpa karatasi hii moja tuliyonayo. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili wa huku, itakubaliwa kule?

MwanaMayungu:
Usiitoe ya asili. Gonga muhuri nakala tatu, ubaki na asili kashani. Namuuliza wakili kesho asubuhi kama zitatosha.