Mdogo wangu alitia sahihi maelezo ya onyo siku ya nne kituoni: je, hiyo ni hiari?

Mleta mada: Wakubwa shikamooni. Mdogo wangu anashtakiwa katika mahakama ya wilaya kwa kuvunja duka usiku na kuiba. Alikaa mahabusu ya kituo siku nne, nasi tukizuiwa kumwona, na siku ya nne akatia sahihi maelezo ya onyo (yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kuwa yanaweza kutumika mahakamani) yanayosema amekiri kwa hiari yake. Nilipomfikia gerezani alinionyesha nyayo zilizovimba, akasema alichapwa hadi akakubali kila alichotajiwa. Je, maneno hayo yaliyoandikwa na askari yanatosha kuthibitisha hiari?

Wakili: Pole sana, ndugu yangu. Hayatoshi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaubebesha upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha hiari, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, ingawa zinaweza kuongezwa na muda wa safari hauhesabiwi. Maelezo ya siku ya nne lazima yatolewe sababu. Kinachowaponza wengi ni kuchelewa: pingamizi hutolewa pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, si wakati wa utetezi. Hapo hakimu atasimamisha shauri la msingi achunguze hiari kwanza. Kwa uchunguzi kama huo, Mahakama Kuu huendesha kesi ndogo ndani ya kesi. Msitegemee ushindi wa moja kwa moja, kwani mwaka 2021, katika shauri la Freeman Mbowe na wenzake, pingamizi la namna hiyo lilitupwa.

Karani mstaafu: Naongeza jambo moja nililoliona likiangusha watu. Mdogo wako achague kauli moja: ama alikiri kwa kuteswa, ama hakutoa maelezo hayo kabisa. Akichanganya zote mbili, hakimu hatamwamini hata kama nyayo zake zinasema kweli.

Msomaji wa Kenya: Huku kwetu ungamo hutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepungua cheo cha Inspekta, tena mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa akiwepo. Natamani nanyi mngekuwa na ulinzi huo.

Mleta mada: Ahsanteni. Kesi inatajwa Jumatatu. Je, amwonyeshe hakimu nyayo siku hiyohiyo?

Wakili: Ndiyo, aombe ziandikwe kwenye mwenendo wa shauri na apelekwe kwa daktari. Uvimbe hauwezi kungoja siku ya ushahidi.