Ushauri wenu: nina video za nyuma ya pazia, dairekta anataka nizifute

Mla Mihogo:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna dairekta yuko Bagamoyo anapiga filamu yake ndefu ya kwanza. Aliniita nirekodi nyuma ya pazia: mazoezi, taa zinavyofungwa, yeye akielekeza. Nimepata dokumentari ya saa nzima. Sasa anasema nifute yote. Nifute au niitoe? Usingizi sina.

Binti wa Feri:
Ngoja waje wenye fani. Nimekaa siti ya mbele.

Fundi Taa:
Mkataba unasemaje?

Mla Mihogo:
Tulielewana kwa simu. Lakini swali langu ni kufuta au kutofuta.

Babu Tandale:
Mimi nilikuwa nachukua video za harusi. Bibi harusi mmoja aliniomba nimkate mama mkwe kila anapotokea. Nikakataa, hadi leo ile familia hainisalimii. Vijana, siri za watu zina wenyewe. Muogopeni Mungu.

Fundi Taa:
Babu, harusi imeingiaje hapa? Mla Mihogo, hakuna anayeogopa video za taa. Kuna nini humo?

Mla Mihogo:
Haya. Alikuwa na maiki ya kola, akasogea pembeni kuongea na prodyuza. Mimi bado nina hedifoni. Anasikika akisema hela imeisha na krew wasiambiwe mpaka sini ya mwisho ipigwe. Na msianze kunishambulia, maiki nilimvalisha mbele ya watu, alijua ipo.

Binti wa Feri:
Kujua ipo na kujua inasikiliza ni mambo mawili, kaka.

Fundi Taa:
Umeshampa nani?

Mla Mihogo:
Kipande kidogo tu, kwa jamaa anayejuana na watu wa tamasha la filamu la Zanzibar. Krew wana haki ya kujua. Na mimi nadai laki nne.

Fundi Taa:
Kumbe umeshaamua, unatafuta wa kukupigia makofi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize nani mwenye hiyo kazi kabla haijafika mbali.

Mpenda Sinema:
Jamani, hii ni chai. Eleanor Coppola alimrekodi mumewe, dairekta Francis Ford Coppola, bila yeye kujua kule Ufilipino, wakati anapiga filamu ya Apocalypse Now. Upigaji ulianza 1976, kimbunga kikabomoa seti, mwigizaji mkuu akapata shambulio la moyo, na dairekta anasikika akikata tamaa. Dokumentari ikatoka 1991. Huyu katoa Ufilipino kaweka Bagamoyo.

Mla Mihogo:
Huyo Coppola simjui. Ningetunga, ningejipa deni la laki nne tu?

Binti wa Feri:
Hata kama ni chai, ile ya Eleanor ilikaa miaka zaidi ya kumi. Wewe hata filamu yenyewe haijaisha!

Mpenda Sinema:
Dairekta Terry Gilliam naye, Hispania: mafuriko, mwigizaji mkuu akaugua mgongo, filamu ikafa. Waliokuwa wakirekodi nyuma ya pazia ndio waliotoka na filamu, 2002. Ila yeye aliwaacha warekodi.

Babu Tandale:
Hata yule bibi harusi aliniruhusu kurekodi.

Mla Mihogo:
Kapiga simu sasa hivi. Atalipa krew wote Ijumaa nikimpa diski. Nitampa. Sijamwambia ziko mbili.

Mpenda Sinema:
Chai imeongezwa sukari.