Kwa nini injini ya silinda mbili iliachwa kwenye matrekta?

Mpenzi wa Mitambo (swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi juu ya jambo linalonirudia kila ninaposoma historia ya matrekta. John Deere ya Marekani ilinunua kiwanda cha injini cha Waterloo mwaka 1918, na tangu hapo ikajenga jina lake juu ya injini ya silinda mbili zilizolazwa. Model D peke yake ilianza kuundwa mwaka 1923 na haikusimamishwa hadi mwaka 1953. Kisha, Agosti 1960, kampuni ikawakusanya mawakala wake mjini Dallas na kuwaonyesha matrekta mapya yenye silinda nne na sita, na ukoo wa silinda mbili ukaanza kuondoka sokoni. Nchini Ujerumani nako, Lanz Bulldog, lenye silinda moja kubwa, lilifikia mwisho wake katika kipindi hicho hicho.

Kinachonitatiza ni kwamba injini hizo zilikuwa na sehemu chache, fundi aliweza kuzifungua akiwa shambani, zilivuta kwa mizunguko michache, na hadi leo zipo zinazowaka na kufanya kazi. Je, kulikuwa na sababu ya kweli ya kihandisi ya kuziacha, au ilikuwa haja ya kuuza kitu kipya?

Mhandisi wa Zana

Ndugu, sababu ya kihandisi ilikuwepo, na naona inafaa kuianzia kwenye pistoni yenyewe.

Tuchukue Model 830 ya John Deere, mojawapo ya matrekta ya mwisho na yenye nguvu kuliko mengine katika ukoo huo. Injini yake ya dizeli ilikuwa na ujazo wa takribani lita 7.7, yaani kila silinda ilibeba karibu lita 3.9. Pistoni ilikuwa na kipenyo cha milimita 156 na ilisafiri milimita 203 kutoka juu hadi chini. Ilizunguka mara 1,125 kwa dakika na kutoa takribani nguvufarasi 75 kwenye shafti ya kuendeshea zana. Trekta la 4010 la mwaka 1960, kwa upande wake, lilikuwa na silinda sita zenye ujazo wa jumla wa lita 6.2, na pistoni zake zilisafiri milimita 121 tu, lakini lilizunguka mara 2,200 kwa dakika na kutoa takribani nguvufarasi 84. Injini iliyokuwa ndogo kwa lita moja na nusu ilitoa nguvu nyingi zaidi.

Ukitaka kuongeza nguvu ya injini una njia tatu: uongeze ujazo, uongeze mgandamizo unaoisukuma pistoni, au uongeze idadi ya milipuko kwa dakika. Njia ya tatu ndiyo iliyofungwa kwa silinda kubwa. Kila pistoni inapofika mwisho wa safari yake husimama na kugeuzwa, na nguvu inayotakiwa kuisimamisha hukua kwa mraba wa mizunguko. Ukizidisha mizunguko mara mbili, konrodi, yaani fimbo inayoiunganisha pistoni na krankshafti (mhimili unaozungushwa na injini), pamoja na beringi zake hubeba mzigo mara nne. Pistoni ya milimita 156 ni nzito, na safari yake ni ndefu, kwa hiyo kuifikisha mizunguko 2,200 kungevunja injini au kungedai vyuma vizito kiasi cha kufuta faida yote. Sasa piga hesabu ya mwendo wa wastani wa pistoni: kwa 830 ni takribani mita 7.6 kwa sekunde, na kwa 4010 ni takribani mita 8.8. Pistoni za injini hizo mbili zilikimbia karibu sawa. Tofauti ni kwamba safari fupi iliruhusu mizunguko karibu mara mbili bila kuitesa injini, na kila mzunguko wa ziada ulileta milipuko zaidi.

Njia ya ujazo nayo ilikuwa imefika ukingoni. Silinda inapopanuka, joto la katikati ya uso wa pistoni husafiri mbali zaidi kabla ya kulifikia koti la maji, na kwa injini za petroli na mafuta ya taa moto nao huchukua muda mrefu kuufikia ukingo wa silinda, hali inayoifanya injini igonge, yaani mafuta yalipuke yenyewe kabla moto haujayafikia. Labda utauliza kwa nini hawakuongeza silinda ya tatu kando ya zile mbili. Hapo umbo lenyewe la trekta liliwabana: silinda zilikuwa zimelala kuelekea mbele na krankshafti ikakaa kwa upana wa trekta, kwa hiyo kila silinda ya ziada ingelinenepesha trekta katikati, mahali ambapo dereva wa trekta la palizi anahitaji kuona mstari wa mazao. Injini iliyosimama, yenye silinda zilizopangwa kwa urefu wa trekta, hukua kwa kurefuka na hainenepi.

Msomaji wa Historia

Maelezo ya Mhandisi yanatosheleza kuhusu mwisho wa injini hizo, lakini swali halikamiliki bila kutazama kwa nini zilichaguliwa tangu mwanzo, kwa sababu naamini ziliondoka pale sababu zilizozileta zilipokwisha.

Sababu ya kwanza ilikuwa mafuta. Miaka ya 1920 mafuta ya taa na mafuta mengine mazito yalikuwa nafuu kuliko petroli, ila hayageuki mvuke kwa urahisi. Yakipita kwenye mabomba marefu ya baridi kuelekea silinda nyingi hurudi kuwa matone, matone hayo huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuizimua oili iliyo chini. Silinda mbili kubwa zenye joto jingi, zilizo karibu na kabureta, zilikuwa jibu la busara kwa mafuta ya aina hiyo. Dereva aliwasha kwa petroli, akasubiri injini ipate moto, ndipo akahamia mafuta ya taa. Matrekta ya mwanzo ya Model D yaliweza hata kuingiza maji kidogo ndani ya silinda ili kuzuia kugonga injini inapobeba mzigo mzito. Gharama ya mpango huo ilikuwa kwamba mgandamizo ulibidi ubaki chini, na injini yenye mgandamizo mdogo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kupitia ekzosi.

Lanz ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo hiyo. Bulldog la mwaka 1921, lililobuniwa na Fritz Huber mjini Mannheim, lilikuwa na silinda moja ya zaidi ya lita 6 iliyotoa nguvufarasi 12. Halikuwa na plagi wala kabureta. Kichwa cha silinda kilipashwa kwa taa ya moto hadi kikaiva, na mafuta yaliyopulizwa ndani yakawaka kwa kugusana na joto hilo. Liliweza kuchoma karibu mafuta yoyote ya bei ya chini, na katika mashamba ambayo petroli iliyosafishwa vizuri ilikuwa adimu jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa. Lakini wakati wa kuwaka kwa mafuta ulitegemea joto la kichwa: trekta likikaa bila mzigo kichwa kilipoa, likibebeshwa mno kilipata moto kupita kiasi. Dizeli halisi, ambayo huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa kwa muda unaopangwa na pampu, iliondoa udhaifu huo na kutumia mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Lanz yenyewe ililitambua hilo na katika miaka ya 1950 ikaanza kulisogeza Bulldog kuelekea dizeli. Mwaka 1956 John Deere ikachukua hisa nyingi za Lanz, na mwaka 1960 matrekta mapya ya Mannheim yakatoka na silinda nne.

Sababu ya pili husahaulika, nami naiona kuwa nzito kuliko inavyopewa. Krankshafti iliyokaa kwa upana ilimwezesha mbunifu kuweka puli ya mkanda moja kwa moja kwenye ncha yake, bila gia za kugeuza mwelekeo. Kwa miaka mingi mkanda ndio ulioendesha mashine za kupuria na za kusaga, na trekta lililofanya vizuri kwenye mkanda lilikuwa trekta bora. Mashine za kuvuna na kupura kwa pamoja zilipoenea, na zana zilipoanza kuendeshwa na shafti inayotoka nyuma, puli ikabaki pambo. Shafti ya nyuma hukaa kwa urefu wa trekta, na sasa ni injini ya upana iliyohitaji gia za kugeuza mwelekeo.

Kuhusu biashara, kumbuka kwamba kazi ya kubuni matrekta ya 1960 ilianza kwa siri mwaka 1953. Kampuni iliendelea kuuza silinda mbili kwa miaka saba huku ikiandaa mrithi wake, na karibu kila sehemu ya mrithi huyo ilikuwa mpya. Anayetafuta tu kitu cha kutangaza hubadilisha rangi na boneti, na hatupi zana za kiwanda kizima.

Mpenzi wa Mitambo

Nawashukuru nyote wawili. Bado nina shaka moja. Waliowahi kulima kwa matrekta hayo husema yalivuta kwa nguvu ya pekee, kwamba mzigo ukizidi injini haikuzimika kwa haraka bali ilishuka polepole na kuendelea kusukuma. Je, nguvu hiyo ya kuzungusha haikupotea tulipohamia injini za mizunguko mingi?

Fundi Dizeli

Ndugu, wanachosema ni kweli, na hesabu inawaunga mkono hadi mahali fulani. Ukigawanya nguvu ya 830 kwa mizunguko yake unapata nguvu ya kuzungusha ya takribani Nm (nyutoni-mita) 475 kwenye krankshafti, na kwa 4010 unapata takribani Nm 270. Lakini plau haifungwi kwenye krankshafti. Kati ya injini na gurudumu kuna gia, na injini inayozunguka karibu mara mbili huweza kupunguzwa na gia karibu mara mbili, ikifidia pengo lote na kuzidi kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, uvutaji kwenye tairi hutegemea nguvufarasi, na hapo 4010 lilikuwa mbele.

Ile tabia ya kushuka polepole ilitokana zaidi na flaiwili, yaani gurudumu zito la pembeni linalohifadhi mzunguko. Injini hizo zililihitaji kwa lazima, kwa sababu milipuko yake miwili haikugawana muda sawasawa: wa pili ulifuata nusu mzunguko baada ya wa kwanza, kisha injini ikazunguka mara moja na nusu bila mlipuko wowote. Huo ndio mlio wake maarufu. Ni mlio mzuri, nami naupenda, lakini kila mlipuko ni kishindo kinachopita kwenye klachi, gia na ekseli, na sehemu hizo zote zilibidi ziwe nene ili kukistahimili. Silinda sita hupokezana kila theluthi ya mzunguko, na gia zake hubebeshwa mzigo uliosawazika.

Kuna pia haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Matrekta ya 1960 yalikuwa na pampu moja iliyoendeshwa kutoka mbele ya krankshafti, na hiyo moja ilihudumia usukani, breki na kunyanyua zana. Mkulima alikuwa ameanza kudai injini ifanye kazi kadhaa kwa wakati mmoja.

Naomba tutenganishe jambo hili na mabadiliko ya miaka ya karibuni, kwa sababu watu huyachanganya. Injini za kompyuta zenye vichujio vya moshi zililetwa na sheria, kuanzia viwango vya Marekani vya mwaka 1996 hadi vile vya Ulaya vilivyoanza kutumika mwaka 2019. Ili kufikia viwango hivyo mafuta hupulizwa kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,600, wakati nozeli nyingi za zamani zilifunguka kwa takribani bar 200. Nakubali kabisa kwamba katika hatua hiyo mkulima amepoteza uwezo wa kujitengenezea, na malalamiko yake ni ya haki. Lakini trekta la 4010 lilifunguliwa na kufungwa kwa spana za kawaida, na fundi aliyezoea silinda mbili hakuhitaji kifaa chochote cha umeme kulielewa.

Mpenzi wa Mitambo

Nimeelewa, Fundi. Swali la mwisho: je, turbo, yaani feni inayozungushwa na ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, isingeweza kuiokoa silinda mbili? Ingeongeza mgandamizo bila kugusa mizunguko, ile njia ya pili aliyoitaja Mhandisi.

Mhandisi wa Zana

Kwa hesabu tupu ingeongeza nguvu, lakini mazingira ya injini hiyo hayakuifaa. Turbo hupenda mtiririko wa ekzosi usiokatika, na silinda mbili zenye milipuko isiyolingana huipa mapigo mawili ya karibu, kisha ukimya mrefu ambamo gurudumu lake hupoteza kasi. Aidha, mgandamizo wa ziada ungeangukia uso wa pistoni wenye eneo kubwa mno, na beringi zilizokuwa tayari zimebeba mzigo mkubwa kwa kila mlipuko zingeongezewa mwingine.

Silinda sita zilikuwa na nafasi ya kukua. Allis-Chalmers iliuza D19 la dizeli lenye turbo mwaka 1961. Kwa John Deere, injini ya 4010 ilipanuliwa kipenyo kidogo kwa ajili ya 4020 mwaka 1963, safari ya pistoni ikibaki ile ile, na ujazo ukafika lita 6.6. Mwaka 1969 ujazo huo huo ukafungwa turbo katika 4520, ukatoa zaidi ya nguvufarasi 120 kwenye shafti ya kuendeshea zana, bila trekta kunenepa katikati.