Kama injini ya baridi kali haifai kwa kombora, kwa nini India iliwekewa vikwazo 1992?

Mdadisi wa Anga

Wakuu, naomba kueleweshwa. Mwaka 1991 ISRO, shirika la anga la India, ilisaini mkataba na Glavkosmos, taasisi ya anga ya Usovieti, ili iuziwe injini za krayojeniki (za baridi kali) pamoja na ujuzi wa kuziunda. Mei 1992 Marekani ikaziwekea taasisi zote mbili vikwazo vya miaka miwili, kwa hoja kwamba ujuzi huo utaishia kwenye makombora. Lakini kila anayejua roketi anasema injini hiyo haina kazi kwenye kombora. Nani yuko sahihi? Na jaribio la nyuklia la 1974 linaingia wapi hapa?

Fundi Mitambo

Mkuu, kwenye injini yenyewe Marekani hawakuwa na hoja. Inachoma haidrojeni na oksijeni zikiwa kimiminika: haidrojeni kwenye nyuzi -253, oksijeni kwenye -183. Ukishajaza tangi, mvuke unaanza kutoka hapo hapo. Kwa hiyo unajaza saa chache kabla ya kurusha, unaendelea kuongezea kinachopotea, na ukiahirisha unaondoa mzigo wote. Kombora linatakiwa likae tayari miaka na miaka, likiamriwa liondoke ndani ya dakika. Hapo panafaa fueli mango (ngumu, isiyo kimiminika), au vimiminika vinavyotunzika kwenye joto la kawaida.

Uhusiano unaoutafuta upo, ila uko kwenye SLV-3, roketi ya setilaiti ya India. Roketi hiyo ilikuwa na hatua nne (sehemu zinazowaka kwa zamu), zote za fueli mango, uzito kama tani 17, na tarehe 18 Julai 1980 ilipeleka setilaiti ya Rohini ya kilo 35 angani. Kombora la kwanza la Agni lilirushwa 22 Mei 1989. Hatua yake ya chini ilitokana na ile ya SLV-3, na ya juu ilikuwa ya kimiminika, kutoka familia ya makombora ya Prithvi. Abdul Kalam, aliyeongoza mradi wa SLV-3, ndiye aliyepewa mpango wa makombora ulioanza 1983. Yaani hofu ya Marekani ilikuwa na chanzo, lakini mwaka 1992 walibisha mlango usiohusika.

Kipima Mwendo

Naongezea hapo kwa Fundi, maana wengi wakisikia hivyo wanadhani ni kung'oa setilaiti na kuweka bomu. SLV-3 ilifuata ratiba ya mielekeo iliyopangwa kabla ya kuruka, haikusahihisha njia kwa kulinganisha na ilipotakiwa kuwa. Kwa setilaiti ndogo, mzingo ukipinda kidogo bado unatumika. Kombora likipinda hivyo limekosa shabaha. Halafu setilaiti hairudi, wakati kichwa cha kombora kinaingia tena angahewa kwa kasi na joto kali. Ngao ya kuhimili hilo SLV-3 haikuwahi kuihitaji. Agni ya 1989 ililenga hasa kujaribu sehemu hiyo.

Mwongozo unaojisahihisha kwa upande wa ISRO ulikuja na ASLV, roketi iliyofuata SLV-3, na ulikuja kwa tabu. Mwaka 1987 injini ya katikati haikuwaka baada ya zile za ubavuni kuisha. Mwaka 1988 iliwaka, lakini roketi ikapoteza udhibiti katika makabidhiano hayo hayo, kwenye mwinuko ambapo hewa inasukuma kwa nguvu zaidi. Kabla ya safari ya 1992 waliongeza mapezi, na kompyuta ikaachiwa iamue yenyewe wakati wa kuwasha ya katikati badala ya kusubiri sekunde iliyopangwa.

Mdadisi wa Anga

Shukrani. Sasa kama Urusi waliwapa injini, kwa nini ya Kihindi ilifaulu 2014 tu?

Fundi Mitambo

Kwa sababu 1993 mkataba ulibadilishwa: injini 7 zilizokamilika, ujuzi hapana. Ukiwa na injini bila ujuzi unaona umbo tu. Huambiwi pampu ipoezwe kwa muda gani kabla ya kuzunguka, wala mwanya kati ya rota (sehemu inayozunguka) na sili (kizuia uvujaji) uwe kiasi gani vyuma vikishasinyaa kwa baridi.

Mfano ni GSLV-D3, roketi iliyobeba injini hiyo ya Kihindi, 15 Aprili 2010. Pampu ya nyongeza ya haidrojeni ilianza vizuri, ikafika mizunguko 34,800 kwa dakika. Sekunde 0.9 baadaye ikaanza kupungua kasi, na ndani ya sekunde 0.6 nyingine ikasimama. Haidrojeni haikufika chumba cha kuwakia, msukumo haukupanda. Uchunguzi ulibaki na visababishi viwili: sili kubana hadi rota ikakwama, au ganda la turbini kupasuka kwa shinikizo na joto.

Walirudi wakarekebisha pampu na kujaribu kuwasha injini kwenye chumba kisicho na hewa. Agosti 2013 wakawa tayari, na kilichowazuia safari hii hakikuwa hata krayojeniki: tangi la hatua ya pili lilivuja fueli, kuhesabu kukasitishwa zikiwa zimebaki dakika 74. Aloi ya alumini ya tangi lile ilikuwa na tabia ya kupata nyufa za kutu ikikaa chini ya mkazo. Wakabadilisha aloi. Tarehe 5 Januari 2014 setilaiti ya GSAT-14, kilo 1,982, ikapelekwa.

Maji Mazito

Swali la 1974 limesahaulika. Plutoni ya jaribio la Pokhran, 18 Mei 1974, ilitoka kwenye kinu cha CIRUS kilichojengwa kwa msaada wa Kanada, na maji mazito (maji yenye haidrojeni nzito) ya Marekani. Kanada ikajitoa, na nchi wauzaji zikaunda kundi la kudhibiti bidhaa za nyuklia. Kinu cha pili cha Rajasthan, ambacho Kanada ilikiacha, India ilikimalizia yenyewe, kikaanza kazi rasmi 1981. Vinu hivyo hutumia urani asilia na maji mazito, hivyo havikuhitaji urani iliyorutubishwa. Kituo cha nyuklia cha Tarapur kiliihitaji, na Marekani ilipoacha kuleta, Ufaransa ikachukua nafasi.

Kwa hiyo mwaka 1992 Marekani hawakuwa wanaangalia injini peke yake. Walikuwa na nchi iliyokwisha kulipua kifaa kwa jina la matumizi ya amani, na iliyotumia hatua ya roketi ya setilaiti kwenye Agni. Fundi yuko sahihi kuhusu haidrojeni, ila nadhani anawaonea kidogo: walikuwa wanaizuia ISRO, injini ilikuwa ndiyo kitu kilichokuwa kinauzwa wakati ule. Ndiyo maana baada ya majaribio ya Mei 1998 vitengo vya ISRO viliwekwa tena kwenye orodha ya vikwazo, na vya mwisho havikutoka humo hadi 2011.