Kuteleza kwa skii Lesotho mwezi wa saba: tuvae nini?

Wa Ujiji: Wakuu, tunaenda milima ya Maluti siku nne, mwendo wa pole tu. Jinzi na soksi mbili mbili zitatosha?

Mwanga Kgm: Jinzi acha kabisa, ndugu yangu. Pamba hunyonya jasho na theluji, kisha inakugandisha. Vaa tabaka tatu: nguo ya ndani ya sufu, sweta, koti lisilopitisha maji. Soksi jozi moja ndefu. Mbili hujikunja ndani ya buti na kuleta malengelenge. Ukijaribu buti, ukisimama wima vidole vya miguu viguse mbele kwa ndani. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Visiporudi, omba namba kubwa.

Kibirizi: Naongeza. Kigoma tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kule zaidi ya 3,000. Siku ya kwanza pumzikeni, mnywe maji. Kichwa kikizidi kuuma, shukeni.